Jumapili moja Kyoto: niende bustani zipi, na nikae vipi humo?

Swali: Ninafanya kazi katika mamlaka ya maji Tanga. Mwishoni mwa Novemba nitakuwa Kobe, Japani, kwa mafunzo ya kikazi, na nitapata Jumapili moja tu ya kupumzika. Ninatamani kuona bustani ya Kijapani ya asili. Mwenzangu aliyetangulia huko ananiambia Kyoto mtu anaweza kuzunguka bustani tano kwa siku, ila ile ya mawe ya Ryoan-ji niiache, kwa kuwa "unalipa kiingilio kutazama kokoto". Niende zipi, na nitazame nini? Halafu mimi ni Mwislamu, na nasikia nyingi ziko ndani ya mahekalu ya Kibudha. Je, kuna jambo nitakalotakiwa kufanya ambalo halinifai? Sitaki kujiaibisha wala kumuudhi mtu.

Jibu: Dada yangu, nianze na hesabu ya mwenzako, maana ndiyo itakayokuharibia Jumapili. Bustani tano kwa siku miguu inaziweza, na kamera ya simu inaziweza. Macho hayaziwezi. Siku za mwisho za Novemba ndizo ambazo majani ya miti ya momiji hugeuka mekundu, na Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi kwenda kuyatazama. Mabasi ya Kyoto hujaa hadi mlangoni. Jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na bustani nyingi hufungwa karibu na saa hiyo hiyo. Ukitoa muda wa njiani na wa foleni, mwanga unaobaki ni wa bustani mbili. Mimi ningekupeleka kwenye hiyo hiyo ya kokoto asubuhi, kisha mchana twende Murin-an, bustani ambayo wageni wengi huipita bila kuijua, na ambayo wewe mtu wa maji utaisoma vizuri kuliko wao.

Ryoan-ji hufunguliwa saa mbili asubuhi mwezi huo. Fika mlango unapofunguliwa, au dakika chache kabla. Baada ya saa nne huja makundi yenye kiongozi na kibendera, na baraza linajaa watu wanaopiga picha wamesimama. Hekalu hili la Zen, madhehebu ya Kibudha, lilianzishwa mwaka 1450 na mkuu wa vita Hosokawa Katsumoto. Liliungua katika vita vya Onin, vilivyoanza mwaka 1467 yeye mwenyewe akiongoza upande mmoja, na likajengwa upya baadaye. Utavua viatu, utapita kwenye sakafu ya mbao hadi kwenye baraza refu, na mbele yako utaona uwanja wa mstatili, kama mita 25 kwa 10, uliotandazwa kokoto nyeupe zilizochanwa kwa reki. Ndani yake kuna mawe 15 katika mafungu matano. Hakuna mti wala tone la maji. Kijani pekee ni kuvumwani, yale majani mafupi laini yanayoota penye unyevu, yaliyozunguka miguu ya mawe.

Bustani hii haiingiwi, hutazamwa kwa kukaa. Kwa hiyo kaa. Kila mgeni huanza kwa kuhesabu mawe, na popote atakapokaa barazani humtokea 14, kwa sababu moja limefichwa na jingine. Fanya mchezo huo uumalize haraka, kisha anza kutazama kwa jicho la kazi yako. Tazama kwanza nafasi zilizo kati ya mawe. Fundi wa bustani za Kijapani hupanga nafasi kabla ya kupanga vitu, ndiyo maana fungu moja la mawe linaonekana kuegemea upande wa jingine lililo mbali nalo. Tazama jinsi kila jiwe lilivyofukiwa: sehemu kubwa iko chini ya ardhi, na linaonekana limeota hapo, halikuletwa. Kisha tazama sakafu yenyewe ya kokoto. Inaonekana bapa kabisa, lakini ina mteremko mdogo wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Kyoto hunyesha sana, na uwanja uliozungushiwa ukuta usipotoa maji ungekuwa dimbwi. Watu wamekaa hapo karne nyingi wakiwaza juu ya utupu na milele, na chini ya mawazo yao mfereji unafanya kazi yake.

Ukuta nao usiupite hivi hivi. Udongo wake ulichanganywa na mafuta, na kwa miaka mingi mafuta hayo yamejitokeza nje na kufanya mabaka ya kahawia na ya rangi ya kutu. Hakuna aliyeyachora. Ungekuwa ukuta wa ofisi ungepakwa rangi kila mwaka, lakini hapa mabaka ndiyo yanayotunzwa.

Watakuambia mawe yale ni simbamarara anayevusha watoto wake mto, au ni visiwa baharini, au vilele vya milima juu ya mawingu. Chukua unayoipenda au usichukue hata moja. Aliyeisanifu hajulikani kwa hakika. Kinachojulikana ni kwamba nyuma ya jiwe moja kumechongwa majina mawili ya watu, na wengi hudhani ni ya wafanyakazi walioyasimamisha mawe. Katika zama hizo kazi ya kuhamisha mawe na kupanda miti ilifanywa na watu wa tabaka la chini waliokaa kando ya mito, waliodharauliwa na mji. Baadhi yao walikuwa mafundi wakubwa mno hivi kwamba watawala walikuwa wakiwaita wao. Kwangu mimi majina hayo mawili yana uzito kuliko tafsiri zote za simbamarara.

Ukishatoka barazani, zunguka nyuma ya jengo. Kuna birika dogo la jiwe la kunawia mikono, lenye maandishi yanayomaanisha kwamba anayejua kutosheka anacho cha kutosha. Halafu shuka hadi bwawa kubwa la hekalu, ambalo wengi wa wanaokuja kwa ajili ya mawe hulikimbia. Asubuhi ya Novemba momiji hujitazama ndani yake, na mara nyingi utapata nafasi ya kupumua.

Sasa swali lako la dini, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, hutatakiwa kufanya ibada. Mgeni aliyekata tiketi anatazama, basi. Utaona watu wakitupa sarafu kwenye sanduku, wakiwasha ubani, wakiinama mbele ya sanamu. Hayo ni yao, na hakuna anayekutazama kuona kama umefanya. Simama kando, usipite mbele ya anayesali (adabu hiyo unayo tayari kutoka nyumbani), wala usipige picha ya sanamu pale palipo na kibao kinachokataza. Kuinamisha kichwa kidogo mbele ya mtu anayekukaribisha ni salamu, haina uhusiano na ibada. Kuna hekalu moja ambalo ningekushauri uliache kwa sababu hiyo: Saiho-ji, maarufu kwa kuvumwani yake ya aina zipatazo 120. Tangu mwaka 1977 haliingiwi kiholela. Lazima uombe nafasi mapema, na kwa kawaida mgeni hutakiwa kunakili maandiko ya Kibudha kabla ya kuoneshwa bustani. Bustani ni nzuri ajabu, lakini kwako itakuwa na sharti lisilokukaa moyoni. Murin-an kwa upande mwingine si hekalu. Ilikuwa nyumba ya mapumziko ya mwanasiasa.

Kuhusu swala, ujue kwamba siku fupi ya Novemba hubana adhuhuri, alasiri na magharibi karibu karibu, na hukumu ya msafiri unaijua au utamuuliza sheikh wako. Kyoto ina msikiti mdogo, karibu na Kasri la kale la Kifalme. Na huko Kobe unakokaa, katika mtaa wa juu ya kituo cha Sannomiya, kuna msikiti wa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa Japani. Ulipona mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko kubwa la mwaka 1995. Nenda hata kama si Ijumaa. Hijabu haina shida popote nilipokutajia.

Baridi ndiyo itakayokushtua. Sakafu za mahekalu hazina moto, nawe utazikanyaga bila viatu. Vaa soksi nzito zisizotoboka, na viatu vya kuingiza mguu bila kufunga kamba, kwa sababu utavivua na kuvivaa mara nyingi. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kuvua viatu mlangoni, ila ziada ya Wajapani ni hii: sapatu wanazokupa za kutembelea kwenye mbao hazikanyagi mikeka ya tatami, na zile za msalani haziruhusiwi kutoka msalani. Watu husahau hizo za pili wakatoka nazo hadi sebuleni. Wenyeji hawatasema kitu. Watacheka baadaye.

Kutoka Ryoan-ji usipande basi. Panda treni ndogo ya Randen kwenye kituo cha Ryoanji, badilisha Katabiranotsuji, shuka Randen-Tenjingawa. Hapo kuna treni ya chini ya ardhi ya njia ya Tozai, inayokufikisha Keage bila kubadilisha tena. Ndani ya treni simu huwekwa kimya na mtu haongei nayo. Mtakuwa wengi na mtasikia magurudumu tu.

Keage ndipo Jumapili yako itakapogeuka kuwa ya kikazi, samahani. Baada ya mfalme kuhamia Tokyo, Kyoto ilibaki bila kazi na watu wakaanza kuondoka. Gavana wake, Kitagaki Kunimichi, akaamua kuleta maji ya ziwa Biwa kupitia milimani, na kazi akampa mhandisi kijana aliyetoka chuoni mwaka 1883, Tanabe Sakuro, ambaye mfereji huo ndio ulikuwa utafiti wake wa kuhitimu. Ujenzi ulianza mwaka 1885 na ukakamilika mwaka 1890. Mpango wa awali ulikuwa maji yazungushe magurudumu ya viwanda chini ya kilima. Katikati ya ujenzi Tanabe akaenda Marekani, akaona umeme wa maji ukifanya kazi katika mji wa migodi wa Aspen, akarudi akabadili mpango. Mwaka 1891 kituo cha umeme cha Keage kikaanza kazi. Umeme husafiri kwa waya, kwa hiyo kiwanda hakikuhitaji tena kukaa kando ya mfereji. Eneo lililotengewa viwanda likabaki tupu, lina maji tele ya kutiririka, na mandhari ya milima ya Higashiyama. Matajiri wakaliona.

Wa mwanzo kati yao alikuwa Yamagata Aritomo, mwanajeshi aliyekuwa waziri mkuu mara mbili. Bustani yake ya Murin-an ilitengenezwa kati ya mwaka 1894 na 1896, fundi akiwa Ogawa Jihei wa saba. Ina kama mita za mraba 3,000 tu, kiwanja chembamba chenye ncha upande wa mashariki. Maji ya mfereji huingia kutoka ncha hiyo, hushuka maporomoko madogo, hutandaa kuwa bwawa la kina kifupi, kisha hugawanyika kuwa vijito vinavyokatiza nyasi mbele ya nyumba. Yamagata hakutaka bwawa kubwa lililotulia na kisiwa katikati, kama desturi ya mabwana wa zamani. Alitaka maji yanayokwenda, kama kijito cha kijijini. Sikiliza kabla ya kutazama: fundi alipanga mawe kitandani mwa kijito ili maji yalie kwa sauti tofauti hapa na pale, na ukitembea kutoka nyumbani kuelekea maporomoko utaisikia ikibadilika. Kina kile kifupi nacho ni makusudi, kwa kuwa maji membamba hucheza na mwanga.

Na hiyo milima unayoiona mwisho wa bustani si ya bustani. Imeazimwa. Miti ya pembeni imepogolewa ili kuziba nyumba za jirani na kuacha uwazi mmoja tu unaoelekeza jicho mlimani, hadi kiwanja chembamba kinaonekana hakina mwisho. Ufundi huu ni wa zamani sana Japani, na una udhaifu mmoja: ghorofa moja likijengwa pabaya, mandhari imekufa. Mwaka 2007 jiji la Kyoto lilipunguza urefu wa majengo katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31, likapiga marufuku matangazo juu ya mapaa, na likaweka kinga kwa mandhari kadhaa yanayoonekana kutoka bustani na mahekalu. Wenye viwanja walilalamika, na si bila sababu. Mimi niko upande wa jiji.

Adabu nyingi za bustanini utazielewa zenyewe ukijua zinalinda kazi gani. Usikanyage kuvumwani hata kwa ncha ya kiatu, kwani alama ya unyayo hukaa muda mrefu. Stendi ya kamera ya miguu mitatu hukatazwa karibu kila mahali, kwa sababu inatoboa ardhi na kuziba njia. Jiwe dogo lililofungwa kamba nyeusi kwa msalaba na kuwekwa juu ya jiwe la kukanyagia maana yake ni "usipite huku". Hakuna uzio wala mlinzi, ni jiwe hilo tu, na watu hulitii. Mawe ya kukanyagia yenyewe yanakuongoza. Yakiwa madogo na yasiyo sawa, fundi anataka uangalie miguu yako. Ukifika kwenye kubwa na bapa, anataka usimame na kuinua macho. Inua, maana hapo ndipo alipokuwekea kitu.

Watunza bustani ndio ninaotaka uwatazame kuliko wageni wenye kimono, ambao siku hizi wengi ni watalii waliokodi nguo kwa siku moja. Utamkuta mama mzee amechuchumaa, anang'oa magugu madogo kwenye kuvumwani, moja moja, au anafagia majani kwa ufagio wa mianzi. Mwezi huo pia hupanda ngazi hadi juu ya misonobari ili kuchuma sindano kuukuu kwa vidole, tawi kwa tawi, mwanga upenye hadi ndani ya mti. Ule msonobari unaoonekana umepindishwa na upepo wa bahari umepindishwa na vidole hivyo, kwa miaka mingi. Ukitaka kuwapiga picha, omba kwanza. "Sumimasen" na kuonesha simu yako vinatosha, na akipunga mkono mbele ya uso wake amekataa.

Murin-an weka nafasi mtandaoni kabla ya kwenda, maana huingiza watu kwa zamu. Ndani ya nyumba kuu kuna mahali pa kunywa matcha, chai ya kijani ya unga, ukiitazama bustani kutoka kwenye tatami. Chai hiyo huja na kitamu kidogo, na kitamu huliwa kwanza, chai baadaye, kwa kuwa chai ni chungu na haitiwi sukari. Bakuli huzungushwa kidogo kabla ya kunywa ili usinywee upande wake wa mbele, ule wenye pambo. Vitamu vya namna hiyo kwa kawaida ni maharage mekundu, sukari na unga wa mchele, lakini uliza viungo vyake kabla ya kuagiza. Mkao wao rasmi ni wa magoti, jirani sana na mkao wa tahiyatu, na hapo utawashinda wageni wengi kwa kustahimili. Magoti yakikataa, kaa upande, hakuna atakayekulaumu. Bahashishi usitoe, utamtia mhudumu katika kazi ya kukukimbilia na hela yako. Beba fedha taslimu na mfuko wa taka zako, maana mapipa ya taka mitaani ni machache.

Mvua ikinyesha siku hiyo, usighairi. Mawe yakilowa hupata rangi yake halisi, kuvumwani hung'aa, na wenye haraka hubaki hotelini. Mwenzako akikuuliza kwa nini hukwenda Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu, mwambie jengo analoliona kwenye picha ni la mwaka 1955, la zamani lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950. Ni zuri, ila Jumapili ya Novemba utaliona juu ya mabega ya watu.

Ukitoka Murin-an kukiwa bado na mwanga, tembea dakika chache hadi hekalu la Nanzen-ji. Nyuma yake kuna daraja la matofali mekundu lenye matao, linalopitisha maji ya mfereji ule ule juu yake hadi leo. Wengi hupiga picha chini ya matao na kuondoka. Panda ngazi za kando utaona maji yenyewe yakipita. Jumba la makumbusho la mfereji liko hapo Keage, halina kiingilio, na ukilitaka lianze kabla ya Nanzen-ji kwa sababu hufungwa mapema. Kurudi Kobe usirudi kituo kikuu cha Kyoto kupambana na umati. Panda Tozai kwenda upande wa pili hadi Yamashina, ubadilishe hapo treni ya haraka ya JR inayopita Sannomiya. Huenda ukapata kiti kabla wale wa Kyoto hawajapanda.